Mwalimu Aliyetufundisha Kusema Hatujui

Mwalimu wangu wa ufundi alikuwa na kanuni moja aliyoiweka mbele ya nyundo na msumeno: ukienda kuomba kazi, anza na usichojua. Sema usichojua, kimoja kimoja, kisha ndiyo useme unachojua. Alitufundisha hivyo sisi wa darasa la saba na la nane, katika shule ya msingi iliyo mtaa wa Rhonda, Nakuru, na miaka mingi baadaye akamfundisha binti yangu Nyambura vivyo hivyo. Mimi kanuni hiyo iliniokoa maisha. Binti yangu yuko nyumbani mwaka wa nne sasa, hana kazi, na kwa muda mrefu niliamini ni kanuni hiyo hiyo iliyomweka hapo. Kwa ajili hiyo nilimchukia mzee wa watu, na sitajitetea.

Jina lake sitalitaja. Rhonda nzima ilimwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Akipita barabarani ungesikia "Mwalimu, sasa" kutoka pande zote, naye angejibu kwa kuinua kidole tu, maana mikono yake haikukosa mzigo: kipande cha bomba, mguu wa dawati, sufuria ya mtu iliyotoboka. Alivaa koti refu la bluu la kazi hata siku ya mkutano wa wazazi. Mfuko wa juu ulikuwa na penseli fupi ambazo hakuna mwanafunzi angekubali kuandikia, kwa kuwa hakutupa penseli mpaka vidole vishindwe kuishika.

Hakuwa mpole. Neno lake kuu lilikuwa "imepinda." Ungemaliza kigoda chako, umekisugua kwa msasa mpaka kidole kimechubuka, unakipeleka mezani kwake ukitabasamu, naye analala ubavu kukitazama kwa jicho moja, halafu: "Imepinda." Basi. Hakukuambia wapi. Ulirudi ukatafute mwenyewe. Siku moja mbele ya gwaride la asubuhi alimnong'oneza mwalimu mkuu kwamba tai yake imepinda, na kwa kuwa mnong'ono wake ulikuwa sauti ya kawaida ya watu wengine, shule nzima ilisikia. Tulicheka wiki nzima.

Kabatini alikuwa na nyundo nne, misumeno miwili na randa moja, na sisi tulipita arobaini. Kwa hiyo mmoja alishika, na wengine tisa walisimama wakitazama. Aliyeshika akimaliza, wale tisa walitakiwa waseme amekosea wapi, na asiyeona kosa alinyimwa zamu. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kumtazama fundi mwenzangu akifanya kazi bila kuona kosa, na ndiyo maana sina marafiki wengi miongoni mwa mafundi wa jua kali.

Lakini nyundo zilikuwa sehemu ndogo ya masomo yake. Alitufundisha wavulana kushona kifungo na kupika ugali usio na mabonge. Wasichana aliwafundisha kufungua mfereji na kubadilisha mpira wa ndani. Wote alitufundisha kusoma karatasi ya dawa, kumwandikia mwenye nyumba barua isiyo na matusi, na kutofautisha tajiri anayenyamaza kwa sababu anafikiri na anayenyamaza kwa sababu amekasirika. Hakuna kitabu kilichokuwa na hayo. Aliyatoa kichwani, akisimama mlangoni huku mgongo wake ukiuegemea ubao wa mlango, kwa kuwa kufuli ya darasa ilikuwa imeharibika na alisema ataitengeneza.

Ijumaa saa nane alitutoa shuleni. Aliiita Ijumaa ya kusimama. Wawili walipelekwa kwa seremala, wawili kwa fundi wa viatu, wawili kwa mama wa kushona sare, wawili kwa wachomeleaji, na kazi ilikuwa kusimama, mikono nyuma, mpaka saa kumi. Kugusa hakuruhusiwi. Jumatatu kila mtu alisimama darasani akasema kitu kimoja alichokiona na hakukielewa. Ukisema umeelewa kila kitu alikurudisha mahali pale pale Ijumaa iliyofuata. Mimi nilirudishwa kwa mchomeleaji mara tatu kwa sababu ya kiburi, na mara ya tatu nikaipenda kazi.

Somo la lango ndilo lililotutia hofu zaidi. Alifunga mlango wa darasa, akakaa ndani na kofia kichwani, akawa askari wa lango la kampuni. Sisi tulipanga foleni nje, tunabisha mmoja mmoja.

"Unataka nini?"

"Natafuta kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yoyote."

"Hiyo hatuna. Enda."

Mlango pwaa, unafungwa, unarudi mwisho wa foleni. Waliojaribu kusema wanajua kila kitu aliwafungulia mlango wote, akawakaribisha ndani kwa heshima, akawapa randa na ubao wenye fundo, na darasa zima likasimama kuwatazama wakiaibika. Aliyepita ni yule aliyesema kitu kama, "Sijui kupima kona. Sijui kunoa msumeno. Najua kupiga msumari usipinde." Huyo aliambiwa, "Karibu, keti," na hata viti vilikuwa havitoshi, lakini alipewa kiti.

Sasa niseme kwa nini niliiamini kanuni hii. Nilipomaliza shule nilienda Salgaa, pale malori yanaposimama kwenye barabara ya Eldoret, nikapata tajiri mwenye mashine ya kuchomelea. Wiki ya pili likaja lori lenye tangi la dizeli linalovuja. Tajiri akatuuliza mimi na kijana mwenzangu, "Nani anajua kuchoma tangi?" Mimi nikasema sijui. Nilisema bila hata kufikiri, mdomo ulikuwa umezoea. Mwenzangu akasema anajua. Hakuliosha. Hakulijaza maji. Aliligusa tu na moto, likalipuka. Sitaeleza nilichokiona, ila nilirudi Rhonda siku hiyo hiyo kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikaenda moja kwa moja shuleni, nikasimama dirishani mwa Mwalimu nikilia mbele ya watoto. Alitoka, akanishika bega, nikamweleza, akasema, "Ulisema hujui?" Nikasema ndiyo. "Basi umefanya kazi yako leo," akasema, akanirudisha nyumbani.

Kwa hiyo nilipopata karakana yangu ndogo ya mageti, kila Ijumaa nilipokea watoto wake wawili. Miaka yote hiyo. Wengine walisimama wakasinzia, wengine waliniuliza maswali yaliyonifanya niende kuuliza wengine. Nilijivunia kuwa sehemu ya kazi yake.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo tuliyaona tukanyamaza. Mtu huyu aliyetufundisha kutengeneza mlango alikuwa na nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Mfereji wake ulidondosha maji mpaka mkewe akauwekea kopo. "Huyu ni fundi wa watu," mkewe alituambia tulipopeleka mbao, "mimi hata msumari sijapigiwa." Aliogopa umeme vibaya sana. Taa ikiungua alimwita jirani, akasimama mbali mikono nyuma, kama Ijumaa.

Na mwanawe. Alikuwa na kijana mmoja, wa umri wa kati, baada yangu na kabla ya Nyambura. Huyo hakusoma shule yetu. Alipelekwa ya kulipia, upande wa mjini, alivaa soksi ndefu. Hatukumwona Ijumaa hata moja akisimama kwa fundi. Tulipomtania Mwalimu alisema, "Huyo ana masomo mengi," akabadilisha mazungumzo.

Katikati ya miaka hiyo somo lenyewe liliondolewa. Ufundi ulikuwa na mtihani wake, halafu ukawa hauna, na kitu kisicho na mtihani katika shule zetu kimekufa. Alipewa hesabu na dini. Nyundo nne zikafungiwa. Ila Ijumaa aliishikilia kwa ujanja: kwenye ratiba iliandikwa mazoezi ya viungo, mkaguzi akija anaambiwa watoto wanakimbia. Nyambura wangu alipofika darasa la saba alikimbia namna hiyo mpaka kwa fundi wa pampu za maji, akasimama hapo miaka miwili.

Kisha serikali ikaleta mtaala mpya, na somo likarudi na jina refu. Watoto wa shule ya sekondari ya chini, iliyowekwa hapo hapo shuleni kwetu, wafundishwe kazi za mikono, wafundishwe kuchagua njia ya maisha. Tulidhani siku yake imefika. Nilimwona siku hiyo, amenyoa, koti limepigwa pasi. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamuuliza kama anaweza kulishika somo, maana karatasi zake za ualimu zilikuwa za shule ya msingi tu. Naye, kwa kuwa ni yeye, akaanza na asichojua. Alisema hajui kompyuta. Hajui ule mtindo mpya wa kuandika alama. Hajui yale maneno ya mtaala. Alipofika kwenye anachojua, mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika. Somo likapewa binti mmoja aliyetoka chuo kikuu kusomea hesabu, mtoto mzuri, na juma la kwanza akaja kwa Mwalimu na randa mkononi kumuuliza upande wa mbele ni upi. Alimwonyesha. Alimwonyesha muhula mzima. Kisha Mwalimu akastaafu, akahamia kwenye kiploti chake Salgaa.

Nyambura alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha ufundi, akasomea pampu na mota. Sisemi kwa sababu ni wangu, ila mikono yake ni mizuri. Mimi nachoma chuma kwa nguvu, yeye anafungua pampu kama anamvua mtoto nguo. Mwisho wa kozi aliitwa na kampuni ya maua kando ya Ziwa Naivasha. Alilala kwa shangazi yake mtaani Kamere, karibu na kampuni, asubuhi akaenda. Watu watatu, meza, maji ya chupa. Wakamuuliza anajua nini.

Alirudi nyumbani jioni hiyo, akaja kukaa kwenye benchi la karakana kabla hata ya kuweka mkoba.

"Walisema nini?" nikamuuliza.

"Walisema asante."

"Na wewe ulisema nini?"

"Vile Mwalimu alisema. Niliwaambia sijui kufunga starter ya kuwasha pampu kubwa, na hizo control za computer sijawahi gusa. Halafu nikawaambia najua kubadilisha bearing, seal, na mabomba yote."

"Halafu?"

"Hawakuandika hizo za mwisho, Baba. Niliona biro ikiwekwa chini."

Aliyemfuata, kijana tuliyemjua wa hapa hapa Rhonda, alisema yuko sawa kwa kila kitu. Huyo hangeweza kutofautisha pampu na jiko la mkaa. Aliajiriwa. Mwezi uliofuata aliunguza mota mbili, wakamhamisha idara, hawakumfukuza.

Tangu siku hiyo nikawa na mtu wa kulaumu. Nyambura aliitwa kwingine, na kwingine tena, kiwanda cha maziwa, hoteli, mradi wa maji wa kaunti, na kila aliporudi mikono mitupu sikumuuliza alichosema. Nilijua. Niliiona ile foleni ya darasani, na mzee wa kofia akimfundisha mtoto wangu kujifungia mlango mwenyewe. Nilimpita Mwalimu siku moja sokoni Nakuru. Aliniona. Aliinua kidole. Nikageuka nikashika nyanya ambazo sikuzihitaji mpaka akapita. Mtu aliyenishika bega siku ile ya tangi. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mwezi uliopita nilipata kazi Salgaa, kuchomelea fremu ya trela. Nilimaliza saa saba mchana. Nikanawa, nikaamua niende nimwambie usoni.

Nilimkuta nje ya nyumba, amekaa juani, miguu ndani ya viatu visivyo na kamba. Amekonda. Malori yalikuwa yanapanda mlima, kila mara tukilazimika kungoja moja lipite ndiyo tusikilizane. Mkewe alinisalimu, akaingia kutia chai.

"Kijana," akasema. Nina upara, lakini kwake mimi ni kijana. "Macho yako mekundu. Bado unachoma bila miwani?"

"Naivaa, Mwalimu."

"Unaivaa kwa kichwa. Nakujua." Akanisogezea kiti. "Nyambura anafanya kazi wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. "Nyumbani," nikasema. "Mwaka wa nne."

Lori likapita. Alingoja kelele ziishe.

"Kwa interview alisema nini?"

"Alisema ulivyomfundisha. Alianza na asichojua. Mwalimu, walimsikiza hiyo peke yake. Wakachukua mtu hajui kitu, amesema anajua zote."

Nilitarajia ajitetee. Nilikuwa na jibu la kila utetezi wake. Yeye akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Wangu sikumwambia hivyo."

"Nani?"

"Kijana yangu. Siku ya interview yake nilimkalisha hapo ndani, nikamwambia aseme anajua. Kila kitu wakiuliza, aseme amezoea. Hata wakimuuliza kuendesha ndege, aseme amezoea."

"Akapata?"

"Alipata. Yuko ofisi, Nairobi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika, hatoki, harudi.

"Kwa hivyo ulijua," nikasema.

"Nilijua kitambo."

"Na bado ukatuambia sisi?"

Alinitazama moja kwa moja. Sikuona majuto mengi, na sikuona ukatili. Niliona mtu aliyechoka. "Nyinyi nilitaka muwe mafundi," akasema. "Yeye nilitaka akule."

Sikunywa chai. Nilimwambia mkewe nimechelewa, na yeye akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa alikuwa amesikia. Nilipofika kwenye ua Mwalimu aliniita. "Kijana. Mwambie aseme anajua." Sikugeuka.

Safari nzima ya kurudi nilikuwa na hasira iliyonipa nguvu. Hatimaye nilikuwa na kitu cha kumpa mtoto wangu. Jumatatu alikuwa anaitwa na kiwanda cha chakula cha mifugo, na safari hii angeingia akiwa na maneno ya mwana wa Mwalimu, si ya mwanafunzi wake. Nilifika nikiwa hata sijavua ovaroli. Nyambura alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilimweleza yote, Salgaa, mzee, kijana wa Nairobi. Nikamwambia, "Jumatatu usianze na usichojua. Usiseme hata moja. Sema unajua kila kitu."

Alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akakitia majini.

"Baba," akasema, "hiyo ya Mwalimu niliacha kitambo. Nilisema ukweli kule kwa maua, Kamere, peke yake."

"Na hizo zingine?"

"Zote nilisema najua."

"Zote?"

"Zote. Starter, computer, generator. Mahali pamoja nilisema najua Kichina." Hakucheka. "Wanaandika, wanasema watapiga."

Nilivuta kiti nikakaa. Nilijaribu kumtafuta mwingine wa kulaumu, mtu mmoja tu mwenye mlango ninaoweza kwenda kubisha, na sikumpata. Akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Nikasema baadaye.

Jumatatu aliamka mapema, akaenda, akasema anajua. Wakaandika. Wakasema watapiga simu.